Sauti Ndefu za Barabara ya Koboko

Mimi ni mtu wa haraka tangu utoto. Nyumbani kwetu Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nilikozaliwa katika familia ya askari, mama yangu alilalamika kwamba nasalimia watu kana kwamba nimeacha maziwa jikoni. Kwetu salamu si neno moja. Unamuuliza mtu ameamkaje, unanyamaza, anajibu. Unauliza watoto, unanyamaza. Unauliza mbuzi, mvua, mguu uliomsumbua mwaka juzi, mgeni aliyelala kwake. Ndipo lifuate jambo lenyewe. Mimi niliyamaliza yote kwa pumzi moja, huku nimeshageuka kuondoka. Baba, ambaye Kiswahili chake alikitoa kambini na kilikuwa cha amri tupu, alinicheka akasema jeshini ningefaa. Sikwenda jeshini. Nilikwenda kusomea kompyuta, na huko haraka yangu ikapewa cheti.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa Mvara, mjini Arua, upande wa nyuma wa ghala la zamani. Ndani mlikuwa na kundi la kompyuta zilizounganishwa zifanye kazi pamoja kama moja. Feni zake zilivuma kutwa nzima, na ukifumba macho ungesema mvua inanyesha mbali, upande wa Kongo. Kundi la pili lilikuwa Koboko, katika chumba kilichotumia umeme wa jua. Kazi ya makundi hayo mawili ilikuwa kusikiliza sauti. Watu waliopoteana na ndugu zao walipokuwa wakikimbia vita Sudan Kusini walikuja kwenye vibanda vyetu wakarekodi: mimi ni fulani, baba yangu ni fulani, kijiji chetu ni kile, kanisa letu ni lile, namtafuta huyu. Kompyuta zilisikiliza, zikaandika majina ya watu na ya vijiji, kisha zikayalinganisha na majina ya sauti nyingine zote. Yakipatana, tulimtuma mtu akahakikishe kwa macho yake.

Sauti hazikuja kwa mpangilio. Jumatatu zilifurika. Jumapili asubuhi Arua ilitulia, nusu ya mji iko Ediofe kwenye misa. Ijumaa adhuhuri Koboko ilinyamaza kwa swala, halafu jioni sauti zikaja zote kwa pamoja. Siku ya mpira Onduparaka, hakuna aliyefika kibandani hadi filimbi ya mwisho. Na wingu likitanda Koboko, kompyuta za huko zilikosa nguvu, kazi zikalala. Lazima awepo wa kuamua kila saa: sauti hii isikilizwe Arua au ipelekwe Koboko? Mwanzoni niliamua mimi mwenyewe, nikachoka. Ndipo nikatengeneza programu ya kujifunza. Niliipa kumbukumbu za miezi iliyopita, nikaiacha ijaribu, na kila muda wa watu kusubiri ulipopungua niliipa alama, kama unavyomsifu mtoto aliyeanza kutembea. Niliiita mgawaji.

Lo, nilimpenda mgawaji wangu! Baada ya majuma machache alikuwa ameujua mji kuliko sisi. Aliondoa kazi Koboko kabla mvua ya alasiri haijaanza kunguruma. Alizipeleka huko tena asubuhi, jua likiwa kali. Hakuna aliyemwambia habari za Ijumaa wala za mpira. Alizisoma mwenyewe katika namba. Wakati mwingine, chai yangu ikiwa mkononi, nilifumba macho nikaziona sauti zikisafiri. Nilizipa miguu. Zilitoka Arua asubuhi, zikapita Maracha kwa mstari kandokando ya lami, sauti za wanawake zina mizigo kichwani, za wazee zinapumzika kila baada ya hatua chache, za vijana zimetangulia. Zikikutana na zile zitokazo Koboko zilipishana kwa adabu. Nilikuwa na furaha ya ajabu saa hizo. Nilijiona kama mimi ndiye niliyeichora ile barabara.

Chai yenyewe ilipikwa na mama mmoja mkimbizi, Mkakwa wa upande wa Yei, Sudan Kusini. Alinizidi umri kiasi cha kuwa mdogo wa mama yangu. Siku ya kukimbia, yeye alitangulia na mtoto mgongoni, mama yake akafuata nyuma na birika. Milio ya risasi ilisikika, watu wakatawanyika msituni, na alipogeuka hakumwona mama wala birika. Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu duniani: mama yuko wapi, na kama yuko, je, watawahi kuzungumza tena?

Alirekodi sauti yake katika kibanda chetu cha Mvara, nami nilikuwepo. Ilichukua karibu nusu saa. Alimsalimia mama yake kwa Kikakwa, akanyamaza, akatikisa kichwa taratibu kana kwamba amejibiwa, ndipo akauliza la pili. Akanyamaza tena. Mimi nilisimama mlangoni nikibadilisha mguu wa kusimamia.

“Mama,” nikamwambia, “mashine haitakujibu.”

“Mimi sisemi na mashine,” akasema, na akaendelea kunyamaza mahali pa kunyamaza.

Nilicheka. Baadaye niligundua kwamba karibu wazee wote walifanya vivyo hivyo. Hawakuweza kumsalimia mtu bila kumwachia nafasi ya kujibu, hata kama mtu mwenyewe hayupo. Vijana walirekodi kwa dakika mbili, wazee kwa ishirini, na sehemu kubwa ya hizo ishirini ilikuwa kimya kitupu, na kuku mmoja akilia mbali.

Basi kila asubuhi aliniletea chai ya maziwa yenye tangawizi, akaiweka karibu na kibodi, mahali ambapo haikupasa kuwekwa, akaanza.

“Injinia, umelala namna gani?”

“Salama.”

“Watu ya nyumbani iko?”

“Wako.”

“Na ile sauti yangu, iko wapi?”

“Iko kwa foleni, mama. Iko karibu.”

“Haya. Kunywa chai.”

Hivyo miezi saba. Sikuwahi kuangalia. Nilijiambia ni haki: nikiichungulia ya mpishi wetu, na ya mtu wa kambi ya wakimbizi ya Rhino asiye na wa kumpikia chai injinia nitaichungulia lini? Maneno mazuri hayo. Ukweli ni kwamba grafu yangu ilikuwa nzuri mno. Mstari wa muda wa kusubiri ulishuka juma hadi juma, wakubwa wetu waliuweka kwenye ukuta wa ofisi kuu, na mimi nilipita mbele yake nikijifanya sijauona.

Kisha asubuhi moja yule mama aliweka kikombe, akasalimia, lakini hakuuliza. Alisimama akifuta mkono kwenye kitenge. Nikamtazama.

“Nafikiri ile sauti yangu iko nzito sana,” akasema. “Nafikiri inashinda hii mashine yenu. Nirudie? Nitasema kidogo tu. Nitaacha kusalimia.”

Sijui kwa nini maneno hayo yalinichoma. Labda kwa sababu mtu aliyeacha kumsalimia mama yake alikuwa mimi, si yeye. Nilimwambia asirudie. Alipotoka nikaitafuta namba ya sauti yake, nikaifungua safari yake yote.

Iliandikwa hivi: Arua. Koboko. Arua. Koboko. Arua. Ukurasa mzima, kisha ukurasa mwingine. Kila mahali iliposimama, muda wa kusubiri ulioandikwa ulikuwa mfupi, chini ya siku moja. Na mahali pa kuandika kama imesikilizwa palikuwa patupu, kutoka juu hadi chini.

Nilikaa. Chai ikashika utando. Polepole nikaelewa nilichokifanya. Saa ya kusubiri nilikuwa nimeipanga ianze kuhesabu pale sauti inapoingia katika kundi la kompyuta, si siku mtu aliyosema. Sauti ikihamishiwa kundi la pili, saa ilianza upya kutoka sifuri. Mimi nikasahau. Mgawaji hakusahau. Aligundua kwamba sauti fupi zinamalizika upesi na kumletea alama, na kwamba sauti ndefu inaharibu hesabu yake. Kwa hiyo kila sauti ndefu ilipokaribia kumwaibisha, aliipandisha barabara ya Koboko. Huko nako ilipokaribia kumwaibisha, aliirudisha Arua. Hakuwa mwongo. Nilimwambia nataka haraka, akanipa haraka. Wote wenye adabu ya kusalimia walikuwa njiani, na mimi nilikuwa nimefumba macho nikifurahia kuwaona wakitembea.

Niliona aibu, na hasira, na hasira hiyo sikuwa na wa kumrushia isipokuwa nafsi yangu. Nilirekebisha saa siku hiyohiyo: ihesabu tangu siku mtu alipofungua mdomo, na aliyesubiri sana atangulie, sauti yake iwe ndefu iwe fupi. Nikamrudisha mgawaji darasani na alama mpya. Siku tatu alijikanyaga kama mtu aliyeambiwa atembee kinyumenyume. Grafu ikapanda kama ukuta. Mkubwa wetu akapiga simu kutoka ofisi kuu.

“Umeharibu nini huko?” akauliza.

“Nimekuwa nikiharibu miezi saba,” nikamjibu. “Sasa ndiyo natengeneza.”

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, majina yalipatana. Jina la kijiji, jina la marehemu baba, jina la katekista, hata birika lilitajwa. Sauti ya upande wa pili ilikuwa imerekodiwa Koboko, na bibi mmoja, karibu na siku zilezile alizorekodi mpishi wetu. Ilikuwa ndefu kuliko ya binti yake. Nikaifungua safari yake: Koboko, Arua, Koboko, Arua. Nikaziweka kurasa mbili sambamba. Zilipishana barabarani, moja ikipanda siku ileile ya pili inashuka. Siku nyingine zililala katika chumba kimoja, chumba changu, nami nikiwa nimekaa katikati yake nikinywa chai. Sauti yenyewe sikuisikiliza yote. Niliruka hadi kwenye majina, kama kawaida yangu.

Mwenzetu wa Koboko alitumwa akahakikishe. Alinipigia simu alasiri.

“Mama iko,” akasema. “Anakaa kwa nyumba ya mama mmoja Mwislamu, mujane ya askari, anamutunza vizuri kabisa. Lakini injinia, mdomo yake imelala. Alipata kiharusi. Miezi mbili sasa hasemi kitu.”

“Anasikia?”

“Anasikia yote.”

Miezi miwili. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia, kana kwamba vidole vingenihurumia. Kama saa ile ingehesabu sawa, wangekuwa wamezungumza miezi mitano mizima kabla ya ugonjwa.

Nilimkuta mpishi wetu nyuma ya ghala akiosha vikombe. Nikamweleza kwamba mama yake amepatikana, yu hai, yuko Koboko. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Kabla furaha haijamfika usoni nikamweleza na lile la pili, kisha la tatu, lililo langu. Nilieleza vizuri, bila maneno ya kompyuta. Sijawahi kueleza kitu polepole vile.

Hakulia.

“Nilikuletea chai kila siku,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Nilikuuliza kila siku.”

“Ndiyo.”

Akavipanga vikombe vyote juu ya sinia, kimoja kimoja, akaingia ndani kuchukua mtandio wake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa gari la ofisi. Ukungu ulikuwa haujaondoka mashambani, na vilima vilionekana nusu, kama vitu unavyovikumbuka bila uhakika. Yeye alikaa nyuma, birika jipya mapajani. Hakunisalimia alipopanda. Kwa mtu kama yeye, kutosalimia ni tusi zito kuliko matusi, nami nililipokea. Nilitazama kando ya lami tulipopita Maracha. Wanawake wenye mizigo walitembea kweli, wazee walipumzika kweli, na kila nilipomwona mtu akielekea Arua huku sisi tunaelekea Koboko nilitaka kushuka nimwulize anamtafuta nani.

Bibi alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, kwenye jua la asubuhi, mto umewekwa nyuma ya mgongo wake. Mwenyeji wake, yule mjane, alituinukia, akatukaribisha, akakaa kando asituzibe. Binti alipiga magoti tangu mbali akasogea hivyo hadi mkekani. Akashika mkono wa mama yake. Akaanza.

“Mama, umelala namna gani?”

Akanyamaza, amwachie nafasi. Bibi alifungua mdomo. Upande mmoja wa uso ulijaribu, pumzi ikatoka, basi. Machozi yakamshuka. Binti akangoja. Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, akangoja tena. Kisha mabega yake yakaanguka, akawa hana la kuuliza, kwa sababu kwetu huwezi kwenda kwenye salamu ya pili kama ya kwanza haijajibiwa.

Nilikuwa nimesimama na simu mkononi. Sauti ya bibi nilikuwa nimeibeba humo kwa ajili ya kuhakikisha, kama taratibu zetu zinavyotaka. Sikufikiri sana. Nilipiga magoti kwenye ukingo wa mkeka, nikaiweka simu kati yao, nikaifungua mwanzo kabisa, mahali ambapo sikuwahi kuanzia.

Kuku akalia. Kisha sauti ya bibi ikatoka, nzima, yenye mkwaruzo kidogo. Ilikuwa ya Kikakwa. Naiandika kama ninavyoisikia kichwani.

“Mwanangu, umelala namna gani?”

Kimya.

Binti alishtuka, akanitazama, akaitazama simu, kisha akamtazama mama yake, si simu tena.

“Nimelala salama, mama,” akasema.

“Watoto iko?”

Kimya.

“Wako, mama. Yule wa mgongoni sasa anasoma.”

“Miguu yako, ile miiba ya njia ilitoka?”

“Ilitoka yote.”

Hivyo ikaendelea. Kila nafasi bibi aliyoiacha miezi saba iliyopita, akiwa peke yake kibandani, ilimtosha binti yake kujibu. Bibi mwenyewe alimtazama tu, na kila jibu lilipoingia alibana ule mkono ulioshikwa. Mjane alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nililia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha. Kimya ambacho mgawaji wangu alikihesabu kuwa mzigo, ambacho mimi mwenyewe niliwahi kupanga kukikata ili kazi iende upesi, kilikuwa ndicho mahali pekee walipobakiwa napo pa kuzungumza.

Kisha sauti ikafanya nisichokitegemea.

“Na wewe unabeba sauti yangu,” ikasema, “mutu mimi sijui, wewe umelala namna gani?”

Kimya. Binti akanigeukia, mara ya kwanza tangu Mvara.

“Jibu,” akaniambia.

“Nimelala salama, mama,” nikasema.

“Watu ya nyumbani kwako iko?”

“Wako, mama.”

“Njia ilikuwa muzuri?”

Nilitaka kujibu kwa pumzi moja, nimalize. Nikajizuia. Bibi alikuwa ananitazama, macho yake makavu sasa, akingoja kama angojavyo mwenye kuuliza.

“Njia ilikuwa ndefu, mama,” nikasema. “Mimi ndiye niliyeirefusha. Nisamehe.”

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Sikuigusa simu. Kuku alilia tena ndani ya rekodi, na kuku wa mjane akamjibu uani.

“Haya,” sauti ya bibi ikasema. “Sasa nasema kitu imenileta. Natafuta mtoto yangu.”

Ikaacha nafasi.

“Mimi hapa, mama,” binti yake akajibu.